Tangazo la Kifo Lisilo na Siku ya Mazishi

Saa mbili asubuhi, Bungoma mjini. Nangila anavua viatu chini ya meza, anawasha kompyuta, na uso wa kwanza wa siku unatokea. Ni msichana mwenye sare ya shule. Chini yake mtu ameandika: "Dada yetu yuko wapi?"

Nangila anabonyeza. Uso unapotea.

Nangila si jina lake halisi. Ni mzaliwa wa Kiminini, ana miaka ishirini na saba. Kila siku anasoma jumbe mia nne za Kiswahili kutoka nchi ambayo mkataba wake unamkataza kuitaja. Serikali ya huko haitaki picha za watu waliopotea. Kampuni ya mtandao, ambayo wenyewe wako ng'ambo, iliambiwa izifute au ifungiwe. Ikakubali.

"Hao walikubali wakiwa mbali," anasema. "Kidole ni changu."

Kuna mama mmoja ambaye Nangila amemfuta mara kumi na moja. Anamtafuta mwanawe, kijana wa shati la samawati.

Matangazo ya vifo yanaruhusiwa. Basi mwezi uliopita mama huyo akaleta moja: shati lile lile, "kwa huzuni tunatangaza", majina ya shangazi, wajomba, binamu wote. Siku ya mazishi hakuna.

"Kwetu tangazo bila siku ya mazishi, hiyo si kifo," anasema Nangila. "Watu watasafiri lini? Nikajua bado anamtafuta tu."

Akaliacha. Chini yake watu wakaanza kuandika walipomwona kijana mara ya mwisho. Mmoja alitaja gari jeupe.

Siku ya tano msimamizi wake, Tonny, akasimama nyuma ya kiti.

"Nangila, huyu maiti anazikwa lini? Ama anangoja mvua iishe?"

"Si wanangoja watu wa mbali, bosi."

"Wewe bana! Unataka sisi wote tukachome mahindi stendi?"

Akapewa barua ya onyo. Amri mpya ikaja: tangazo lisilo na siku lifutwe. Mshahara wake wa shilingi elfu ishirini na nane ndio unanunua dawa za presha za mama yake. Akalifuta.

Wiki hii tangazo limerudi. Sasa lina siku: Jumamosi.

Nangila hajui kama mwili umepatikana, au mama yule amejifunza tu amri mpya. Ameliacha. Halina kosa.

Mkataba ukiisha Desemba, anataka kwenda Endebess kwa dada yake wafuge ng'ombe wa maziwa. Lakini kwanza Jumamosi ipite.

"Naomba Jumatatu aniletee tena ile picha, aulize yuko wapi," anasema, akitafuta viatu kwa miguu. "Nitamfuta. Lakini nitajua hajazika."