Boule Yenye Ufa

Mbele vita ifike, tulikuwa tunacheka mapambo ya Noeli ya mama jirani yetu pale Butembo. Ilikuwa maboule, mipira kidogo ya kioo, rangi imepauka, yenye koko yake, mama ya mama yake, alimuachia. Yetu ilikuwa ya plastiki, mupya, ya kutoka kwa mupaka, Kasindi. Vita ikafika, basoda bakaja na bunduki, bakabeba yetu pamoja na magodoro. Yake habakuigusa, eti ni takataka ya bazee.

Ile Noeli, batoto bote ba avenue, barabara yetu, balienda kushangaa kwake. Mama yangu akameza wivu, akaenda kuomba moja tu ya kutundika kwa tawi letu la muti wa sipre. Jirani akamupatia yenye ufa. Kesho yake, mbele tukunywe chai, jirani alikuwa mu mulango wetu, mukono wazi, anataka tumurudishie boule yake.

Leo niko na sapin, muti wa Noeli, ya kujaa maboule, lakini ile yenye ufa ndiyo ingali inaniuma.