Mtoto wa Barabara ya Mbau

Juzi nilikuwa namsaidia binti yangu masomo ya Kiingereza. Tukasoma kwamba "infantry", yaani jeshi la miguu, linatoka kwenye neno la Kilatini, "infans": mtoto ambaye bado hajui kusema. Binti yangu akacheka. Mimi nikasikia harufu ya mafuta ya bunduki na ndizi mbivu.

Siku moja utotoni mwangu, mama alikuwa ameniacha kando ya barabara ya Mbau nichunge mikungu yetu ya ndizi, akaenda kutafuta mtu wa baiskeli wa kuibeba. Ndiyo ilikuwa kazi yetu watoto: mzazi akitoka, unakalia mzigo, huondoki. Vita ilikuwa imefukuza watu na barabara ilikuwa kimya. Ng'ambo alikaa mtoto wa umri wangu, buti zimemzidi miguu, bunduki mapajani. Nikajua naye ameachwa achunge mzigo wa baba yake. Nikafurahi kupata mwenzangu.

"Baba yako alienda wapi?"

Akaivuta bunduki karibu na tumbo.

"Atarudia tu. Mama yangu pia atarudia."

Nikavuka, nikampa ndizi. Akaila polepole, macho barabarani, upande uleule niliokuwa nautazama mimi.

Mama alipotokea alinivuta mkono bila hata kuchukua mikungu.

"Usiangalie nyuma!"

Nililia njia nzima, na mama akadhani ni woga. Mimi nilikuwa nawaza kwamba jua linashuka, mama yangu amekuja, na yule bado hakuna aliyekuja kumchukua.