Fahali Asiyekuwamo Kitabuni

Kitabu kile nilikuja nacho kutoka Kenya, kwenye sanduku la sufuria na vikombe vya kuuza, miaka michache baada ya vita kwisha Kampala. Kilikuwa hadithi ya watoto, ya nchi isiyokuwapo, na sikukipenda sana. Mfalme wake alikuwa mlegevu wa kulialia. Binti yake, shujaa wa hadithi, alikuwa mwema kupita kiasi, mtoto ambaye hajawahi kuiba hata sukari. Aliyekiokoa kitabu ni kobe mwenye hasira, mlinzi wa milango, aliyemtukana kila mtu na kudai malipo. Kila mlango alioupita binti ulimnyang'anya kitu: kivuli chake, kisha sauti, kisha jina la mama yake. Hadithi nzima ilikwenda hivyo, mlango baada ya mlango, kutafuta fahari ya mfalme iliyopotea.

Tulisoma Jumapili baada ya ibada, mimi na watoto wa majirani, kwenye ngazi za gorofa tulilokuwa tukiishi Bugolobi. Msomaji alikuwa binti wa jirani yangu, mama wa Kiganda aliyezaliwa Mengo. Mama huyo alikiita Kiswahili lugha ya wanajeshi, lakini mtu wa kumwangalizia mtoto bure hakumkataa. Msichana alisoma kwa madaha, na kama wengi wa kwao, akaigeuza r ya fahari kuwa l. "Fahali ya mfalme imepotea." Mtoto mmoja akauliza fahali ni nini. "Ng'ombe dume," akajibu bila kusita, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Mahali pengine sarufi ingewashtua: fahari imepotea, fahali amepotea. Kampala kila kitu kilikuwa "imepotea", ng'ombe na heshima sawasawa. Nilifungua kinywa nimsahihishe, ndipo nikamwona bibi.

Alikuwa mama wa mwanajeshi aliyeishi chini yetu. Mwanawe alikuwa amemleta kutoka kaskazini, ambako watu wenye bunduki walichukua ng'ombe wote wa familia. Wiki ile mwanajeshi alinisimamisha mlangoni. "Dada, mama yangu hapana kula," aliniambia. "Anaangalia ukuta tu. Mambo ya ng'ombe hataki kusema. Mimi naogopa atakufa hapa kwangu." Kila siku alimkalisha kwenye ngazi apate hewa, na kila siku mama aligeukia ukuta. Sasa uso ule ulikuwa umetugeukia sisi. Kiswahili alikijua, maana marehemu mumewe naye alikuwa askari.

"Hiyo fahali rangi gani?" akauliza.

Watoto wakanitazama. Kitabu hakikusema, wala kisingeweza kusema.

"Wewe unaonaje, mama?" nikamrudishia.

"Nyekundu. Hapa kwa kichwa nyeupe. Pembe moja inaangalia chini."

Nikafunga kinywa changu. Fahari ingengoja.

Tangu hapo hakukosa Jumapili hata moja. Mwanawe aliniambia kwa furaha kwamba sasa anamaliza kalo lake, ule ugali wa ulezi wa kwao, na kuomba mchuzi zaidi. Watoto walimwita jaja, yaani bibi, wakampa nafasi karibu na msomaji. Kobe alipodai kivuli cha binti na binti akasitasita, bibi alikasirika. "Kivuli ni ya nini? Ampe!" Tulicheka sana, naye akashangaa tunacheka nini.

Lakini mimi nilikuwa nimeshausoma mwisho. Nyuma ya mlango wa mwisho hapakuwa na kitu ila kioo, na sauti iliyomwambia binti kwamba fahari aliyoitafuta alikuwa nayo moyoni siku zote. Funzo zuri, la mtu aliyekula akashiba. Nilikichukia kitabu kile. Niliogopa kwamba bibi akiukuta mlango ule mtupu atarudi ukutani, na safari hii hatageuka tena.

Siku ya sura ya mwisho nilimwomba msichana kitabu, nikasoma mwenyewe. Kobe akanung'unika, akafungua. "Na pale," nikasema, macho yangu kwenye ukurasa, "alisimama fahali mwekundu, paji jeupe, pembe moja ikitazama chini. Binti akashika kamba, akatoka naye."

Watoto wakapiga makofi. Bibi hakupiga.

"Kamba nani alishika?"

"Binti wa mfalme, mama."

"Hapana. Kamba ni mimi nilishika." Alisema polepole, bila kumtazama yeyote. "Wale watu walimshindwa. Alikuwa mkali, anapiga wao na pembe. Wakaniambia, mama, fungua wewe, ama tunaua huyu mjukuu. Nikafungua. Akanifuata vizuri mpaka kwa barabara. Yeye alifikiri tunaenda kunywa maji."

Kisha akalia. Alilia kwa sauti, mwili mzima, hata mwanawe akatoka ndani mbio na fulana yake, akasimama hapo asijue aweke wapi mikono. Nami nililia, sikuona haya. Binti wa yule mama wa Mengo alishuka ngazi moja, akaketi, akamshika bibi mkono.

"Soma tena," bibi akaniambia alipoweza. "Hapo anatoka."

Nikasoma tena, kidole changu kikifuata mistari ambayo haikuwa na ng'ombe hata mmoja.