Moja, Nne, Mbili, Nane, Tano, Saba

Juzi nikiwa nyumbani Garsen, binti yangu alinionyesha simu. Mtu tusiyemjua alikuwa akieleza maajabu ya namba moja, 142857, na watazamaji wanashangaa kana kwamba imezaliwa jana. "Mama, umewahi kuiona hii?" Nilimrudishia simu yake. Hasira ilinipanda mpaka chai ikanishinda kunywa.

Niliiona, rafiki yangu. Niliiona kijijini kwetu Kilelengwani nikiwa mtoto, imeandikwa kwenye tope.

Mpunga ukikaribia kuvunwa, mimi na dada yangu ndio tuliowinga ndege. Tulipiga madebe tangu alfajiri, na bibi alituletea wali wa jana na kambare wa kukaanga, sufuria imefunikwa kwa jani la mgomba. Ndege wakitulia, dada alichukua kijiti akafanya hesabu ukingoni mwa shamba. Siku hiyo aligawanya milioni moja kwa saba, kwa kujifurahisha tu. Akapata 142857, ikabaki moja. Akaizidisha kwa mbili: 285714. Kwa tatu: 428571. Akaendelea mpaka sita.

"Njoo uone!" akaniita. "Tarakimu ni zile zile, zinafuatana vile vile, ila kila mara zinaanzia pengine!"

Alipozidisha kwa saba zikatoka tisa tupu, 999999. Tulicheka tukasahau madebe, ndege wakala mpunga, bibi akatugombeza vibaya sana. Jioni, hasira zilipomtoka bibi, dada alimweleza ile namba.

"Kumbe ni kama watu kwenye ngoma ya duara," bibi akasema. "Anabadilika tu wa kuanza."

Kesho yake dada aliiandika ubaoni kabla mwalimu wa hesabu hajaingia.

"Umeinakili wapi?" mwalimu akauliza.

"Nimeipata mwenyewe, mwalimu. Shambani."

"Wewe? Shambani?" Akacheka, na darasa likacheka kwa sababu yeye amecheka. Hakujaribu kuizidisha hata mara moja. Aliifuta, akamchapa dada viganjani, akamwambia asirudi mpaka awe tayari kukiri mbele ya wenzake kwamba amedanganya.

Dada hakukiri. Baba alimsihi, "Sema tu, mwanangu, yaishe." Bibi alikwenda shuleni kwa miguu kumtetea, akarudishwa langoni. Wiki zikapita dada yuko shambani, na hakuna aliyekuja kumuulizia. Mwaka uliofuata akaolewa.

Lile shamba mto umelichukua, na bibi tumemzika. Kwa hayo sina wa kumlaumu. Lakini mwalimu yule hakuwa mafuriko. Alikuwa mtu mzima mwenye chaki mkononi, na kuzidisha kwa mbili kungemchukua muda mfupi kuliko kutafuta fimbo.

Jana nilimpigia dada, nikamsomea ile namba polepole. Nilisikia akikwangua ukoko sufuriani.

"Mdogo wangu," akasema, "mambo ya hesabu waulize waliosoma."