Visanduku Viwili vya Mzee Kasiano

Mtanicheka, na mcheke tu, maana mimi mwenyewe nikiikumbuka Jumapili ile ya mtaa wa Izia najifunika shuka usoni hata nikiwa peke yangu chumbani.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, vitu vinamiminika kutoka mpakani Tunduma, na mimi, karani niliyetoka Mbeya, nilijiona ndiye mwenye masikio pekee Sumbawanga nzima (wengine wote niliona wanasikiliza muziki kama mvua kwenye bati). Nilikuwa nimepeleka barua ya posa kwa Mzee Kasiano, baba yake Skola, mwalimu wa kwaya mstaafu, na jibu bado. Mzee alikuwa na deki ya CD, amplifaya na spika mbili kubwa, akataka kuongeza kile kisanduku kinachopokea namba za CD na kuzigeuza kuwa sauti. Mfanyabiashara mmoja akamwachia viwili avijaribu, kidogo cheusi na kikubwa chenye uso wa rangi ya dhahabu, naye akaniita nimchagulie. Nikajua hapa ndipo napewa mke.

Basi nikaenda na suruali nyeupe mpya, na huo ndio ujinga wenyewe, kwa sababu waya huchomekwa nyuma ya kabati, chini kwenye vumbi, nikaona mimi wa kupiga magoti simo, nikamwachia Skola kazi hiyo ili niwahutubie wazee wawili wa kwaya waliokuwa wanakunywa togwa (hawakuwa wameniuliza kitu). Skola akainua kichwa, "Samahani, kuna waya siuoni..." Nikamkata: "Skola, nyamaza kidogo, tusikilize."

Kile kisanduku kidogo kikawaka taa, muziki ukaanza, nikakunja uso. "Mzee, hii ni sauti ya bata ndani ya debe." Kikawashwa kikubwa, nikafumba macho, nikasema sasa nasikia mpaka mwimbaji anavyovuta pumzi, nasikia besi inapanda kutoka kwenye nyayo, na mzee mmoja aliposema yeye haoni tofauti nikamjibu, tena kwa dharau, kwamba sikio nalo husomeshwa.

Mzee Kasiano akauliza taratibu, "Na huo waya unaoning'inia mfukoni mwako, mwanangu, ni wa nini?"

Ulikuwa waya wa kuunganisha deki na kisanduku. Nilikuwa nimewaonesha wazee jinsi ulivyo mnene, kisha nikautia kwenye mfuko wa koti. Skola alikuwa amechomeka umeme tu, taa zikawaka, na muziki wote, wa bata na wa malaika, ulikuwa unatoka kwenye deki ileile moja kwa moja kama kila siku.

"Kumbe kusoma ndiko huku!" yule mzee akasema, akacheka mpaka togwa ikamwagika. Mzee Kasiano hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Skola akanisindikiza hadi barabarani. Nikamwambia yale yalikuwa maneno tu, ya kumfurahisha mzee.

"Sawa," akasema. "Na hayo unayonisifia mimi kila siku, unayaona kweli, au nayo ni maneno tu?"

Nikainama kupangusa suruali yangu nyeupe, nayo haikuwa na vumbi hata chembe. Wiki iliyofuata barua yangu ilirudishwa, na tangu hapo nimeapa: nisichosikia nitasema sijasikia, hata mbele ya wakwe. Ila wakwe wenyewe mpaka leo sijapata.