Compresseur ya Papa Kasereka imewaka, na mimi sina la kufanya

Leo nimefufua compresseur, na sasa naomba ife tena.

Ni mashine ya kusukuma upepo, iko ya Papa Kasereka, mwenye boutique, duka ya hapa Kalembe. Ililala nyuma ya depot yake miaka mingi, kuku zinatagia juu. Mimi natengeneza pneu, mipira ya pikipiki, njo akaniita.

Nikasafisha, nikabadilisha huile, mafuta yake, nikafungua robinet, bomba ya chini ya tanki ya upepo. Maji ikatoka nyekundu kama chai, kutu tupu.
Hapo nilipashwa kujua.

Tukawasha moteur. Weee, ikaimba! Bamotard, wale wenye pikipiki wanaongojea pneu, wakapiga makofi.
Mimi nikagonga tanki kidogo na nyundo, juu ya kuhakikisha tu.
Nyundo ikatoboa. Nikazima moteur.

«Papa, hii tanki imeoza. Ikijaa upepo itapasuka, itaua muntu.»
«Kaka, paka sabuni.»

Sabuni! Kweli, tanki ya essence, ile petroli ya pikipiki, ikitoboka, sisi wote tunaziba na sabuni na tunafika mpaka Walikale. Lakini essence inalala tu. Upepo inasukuma!

Nimeeleza mpaka mate ikakauka. Bamotard wanasema niko muoga. Papa mwenyewe ameshaanza kukanda sabuni na vidole.

Basi nikachomoa mukaba ya moteur, ule mukanda wa kuzungusha compresseur, nikaficha mu mufuko, nikakimbia nyumbani. Nilijiona mwerevu sana.

Sasa njo nakumbuka: Papa anauzisha mikaba mu boutique yake.

Wenye muko karibu na pale, mutoke, tafazali.
Moteur naisikia.