Mbegu Zilizoota kwenye Njia ya Matofali

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na jembe begani, na Msimamizi wa Bustani akaniambia niliegemeze ukutani. Ilikuwa nyumba ya wageni ya shamba la chai, upande wa Suma, Tukuyu, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzi tu.

"Leo hulimi, gwe. Leo unabana maua."

Gwe, yaani wewe kwa kilugha chetu, ndivyo alivyoniita siku zote. Alinipeleka kwenye tuta la maua mekundu ambayo sisi wa bustani tuliyaita midomo ya simba. Ukilibana ua mashavuni, linafungua kinywa, ukiliachia, linafumba. Nyuki wadogo hawaliwezi. Anayeingia ni yule mkubwa mweusi anayetoboa boriti za paa, naye hutoka na chavua, ule unga wa kiume wa ua, mgongoni. Nilibana maua asubuhi nzima, nikasahau hata chai.

Miaka ile mbegu za dukani zilikuwa adimu, kwa hiyo tulivuna zetu wenyewe. Unaacha bua likauke mpaka vifuko vya mbegu vitoboke juu, vikafanana na mafuvu madogo ya nyani. Hapo unavikung'utia kwenye bahasha upesi, kwa sababu mvua ya Tukuyu ikishaingia matunduni, mbegu zinaoza.

Mwaka mmoja, katikati ya mekundu, mche mmoja ukachanua njano. Hatukujua ulikotoka. Msimamizi aliuzunguka kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Binti yangu anaolewa mwakani," alisema. "Nataka kanisa letu la Lufingo liwe na rangi hii. Mbegu zake nakukabidhi wewe. Zikipotea, usinitafute."

Nilizikung'uta nikiwa nimechuchumaa kwenye njia ya matofali, na upepo ukaninyang'anya kidogo. Zilizobaki nilizipeleka kitaluni kwa heshima zote, nikazifukia kina cha kidole, kama maharage. Lakini mbegu hizi ni ndogo kama kahawa iliyosagwa, na zinataka mwanga ndipo ziote. Zinawekwa juu ya udongo laini, zinagandamizwa kwa kiganja, basi. Mimi nilikuwa nimezizika.

Kitalu kikabaki kitupu. Mche mama nao ukafa kwa ugonjwa wa kutu ya majani. Kwenye njia, katikati ya matofali, vikajaa vijani vidogo, nami nikavipalilia kwa bidii, maana Meneja wa shamba alipenda njia safi. Msimamizi akaokota kimoja nilichokitupa, akakigeuzageuza.

"Gwe, unajua umepalilia nini?"

"Magugu, tata," nilijibu, kama ninavyomwita baba.

"Umepalilia harusi."

Mche mmoja tu ulikuwa umesalia, chini ya bomba la maji. Tuliulea kama mtoto mchanga. Ukachanua mwekundu.

"Huyu si wa yule mama," Msimamizi akasema kwa uchungu. "Ng'oa."

Nikang'oa. Kanisa likapambwa kwa mekundu yale yale ya siku zote.

Baadaye Bwana Shamba alipopita, tulimsimulia. Akashika kichwa. "Nyuki alimletea mama chavua ya mekundu, njano ikajificha ndani ya mtoto. Mngepanda mbegu za huyo mliyemng'oa, baadhi ya wajukuu wangetoka njano."

Msimamizi akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe tulimfukuza mtoto wa nyumbani!"

"Niliyeng'oa ni mimi, tata."

"Na niliyekutuma ni mimi."

Alistaafu bila kuiona tena rangi ile. Mimi nilihamishiwa bustani ya ofisi, na mwishowe nikawa Msimamizi, na kwa vijana wangu nilikuwa na amri moja ngumu: mche usioujua mwenyewe jina lake, usiuguse. Niliitafuta njano miaka yote hiyo, sikuipata. Sasa nimestaafu, niko Bulyaga, na bado nakung'uta mbegu zangu kila kiangazi.

Mwaka huu miche kadhaa imejiotea kwenye nyufa za kizingiti cha mlango. Mke wangu inambidi aivuke akitoka na ndoo.

"Baba, haya yatakuwa ya rangi gani?"

"Sijui," namwambia. "Pita taratibu."